Weye Uliona na Macho Yako?

Fulana ninayo mpaka leo. Nyeupe, imefifia kwapani, kifuani imeandikwa BALOZI WA AMANI kwa herufi za buluu. Nilipewa Goma, mashariki mwa Kongo, mwaka 2019, kwenye hoteli moja kando ya Ziwa Kivu, pamoja na soda, sambusa mbili na bahasha ya nauli. Tulikuwa vijana kama 60 ukumbini. Mimi sikuwa mshiriki hasa. Nililipwa kuandika kumbukumbu.

Mwezeshaji alisimama mbele ya lile karatasi kubwa la ukutani, kalamu mkononi, akauliza: "Amani ni nini?" Ukumbi kimya, kila mtu anachungulia soda yake. Halafu motari mmoja aliyekaa karibu na mlango, koti lake limepauka kwa vumbi la lava, akasema: "Ni nilale usiku, asubuhi niikute pikipiki yangu." Watu wakacheka. Mwezeshaji naye akacheka, akageukia karatasi, akaandika USALAMA, akauliza nani ana jingine.

Nami nikaandika "usalama" daftarini. Kwenye ripoti nikaandika kwamba vijana 60 wamejengewa uwezo. Ile pikipiki nikaiacha nje ya ripoti, na imekuwa ikinisumbua tangu siku hiyo.

Ninaandika haya nikiwa Kampala. Wasomaji wa Dar na Mombasa mtanivumilia nikichanganya Kiswahili cha Goma na kile cha vitabuni. Nyumbani tunasema "weye" na "njo ile", na hakuna aliyewahi kufa kwa hilo.

Nilizaliwa Birere, mtaa wa Goma, 1993. Ukitaka kujua umri wa mtu wa Goma usimuulize mwaka, muulize vita. Nilikuwa mtoto wa mgongoni wakati wakimbizi kutoka Rwanda walipomiminika kwetu mwaka 1994, kipindupindu kikawaua kwa maelfu. Nilikuwa na miaka mitatu vita ya Mzee Kabila ilipoanza, mitano ilipoanza ile ya waasi wa RCD, minane volkano ya Nyiragongo iliposhusha moto hadi katikati ya mji, tarehe 17 Januari 2002. M23, waasi wanaoongozwa na Watutsi, walipoingia mara ya kwanza, Novemba 2012, nilikuwa na miaka 19. Walipoingia mara ya pili, Januari 2025, nilikuwa na 31, na mara hii hawakutoka baada ya siku kumi.

Katikati ya hayo yote, Desemba 2015, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2250, la kwanza kabisa kuhusu vijana, amani na usalama. Linasema vijana washirikishwe katika kuzuia vita na kuitatua. Kijana, kwa hesabu ya azimio, ni mtu wa miaka 18 hadi 29. Siku ile nilikuwa na 22. Nikaja kuivuka 29 bila kuulizwa kitu na mtu yeyote, ila kama naweza kuandika kumbukumbu kwa haraka.

Kwa wakubwa wetu kijana wa Kivu ni baruti au ni balozi. Akiwa mtaani ni baruti: asogezwe mbali na moto, apigiwe mabomu ya machozi mapema. Akivaa fulana ni balozi. Sijawahi kusikia mtu kwenye warsha akimwita mteka maji, ingawa ndiyo kazi tuliyoifanya sote tangu tulipoweza kubeba bido, yaani dumu la maji.

Niseme kuhusu maji, maana pasipo maji huwezi kuelewa lolote kuhusu amani ya Goma. Mji umekaa ukingoni mwa ziwa lenye kilomita za mraba kama 2,700, na hauna maji. Hakuna mto unaokatiza mjini. Mvua ikinyesha inazama kwenye mawe ya volkano kama imetupwa kapuni. Kuchimba mwamba ule kupitisha bomba ni shughuli, na mabomba yaliyopo yanakohoa hewa siku nzima. Kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri utaona watoto wanateremka ziwani na bido za njano za lita 20, wasichana wengi kuliko wavulana, kupita vichochoro ambavyo mama zao wasingewaruhusu kupita saa hiyo kwa sababu nyingine yoyote.

Vita ya kwanza niliyoishuhudia kuanzia mwanzo hadi mwisho ilikuwa ya foleni. Nilikuwa na miaka kumi hivi. Bomba la mtaa lilikuwa limetoa maji baada ya siku nne, na akina mama wawili waligombania nafasi. Dakika ya kwanza waligombania bido: lako lilikuwa nyuma, hapana lilikuwa mbele. Dakika ya pili mmoja akamwambia mwenzake ana tabia mbaya. Dakika ya tatu akamwambia ninyi wote mna tabia hiyo. Ya nne akamwambia rudini mlikotoka. Yule aliyeambiwa arudi alikotoka alikuwa amezaliwa nyumba ya tatu kutoka bombani. Maji yakakatika wakiwa bado wanapigana. Nimesoma vitabu kadhaa kuhusu chanzo cha mgogoro wa Kivu: ardhi, madini, uraia, majirani. Vyote vina ukweli wake. Lakini mimi nilimuona mtu akitoka kwenye bido hadi kwenye kabila kwa dakika nne, na mguu wake haukusogea hata hatua moja.

Ndiyo maana vijana wa LUCHA walipoanza mwaka 2012, Goma ileile, nikawaelewa kabla hawajamaliza sentensi. Jina kwa Kifaransa ni Lutte pour le changement, mapambano kwa ajili ya mabadiliko. Walikuwa wanafunzi na watu wasio na kazi. Walidai maji, barabara, ajira. Hawakuwa na mwenyekiti wa kununuliwa. Hawakurusha jiwe, polisi wakija, wanakaa chini. Siku nyingine walishika mafagio wakafagia barabara, na hiyo nadhani iliwachanganya wakubwa kuliko maandamano. Kijana anayefagia bila kulipwa! Nani yuko nyuma yenu? Hilo ndilo swali waliloulizwa miaka yote. Kwetu mtu akidai bomba lazima atafutiwe bwana wake.

Machi 2015 baadhi yao walikwenda Kinshasa kwenye uzinduzi wa vuguvugu jingine la vijana, Filimbi. Nililipenda jina hilo: Kinshasa ni mji wa Kilingala, na vijana wakachagua neno la Kiswahili, filimbi ya kuwapulizia wenye mpira wanapokosea. Walikamatwa palepale. Fred Bauma wa LUCHA na Yves Makwambala walikaa ndani hadi Agosti 2016. Februari mwaka huohuo wa 2016, timu ya taifa ilikuwa imetoka kuchukua kombe la CHAN kule Kigali, tumeipiga Mali 3-0, Goma nzima imepaza sauti. Siku chache baadaye, vijana sita wa LUCHA walikamatwa Goma alfajiri wakiandaa mabango: tumeshinda kombe pamoja, sasa tushinde na demokrasia. Hukumu miaka miwili, rufaa ikashusha hadi miezi sita. Mmoja wao, Rebecca Kabugho, alikuwa binti wa miaka 22, umri wangu. Mwaka uliofuata Marekani ilimpa tuzo ya wanawake majasiri.

Mimi wakati huo nilikuwa wapi? Nilikuwa nyumbani. Mama aliniambia: "Mwanangu, mimi nina mtoto wa kike mmoja tu." Basi nikakaa. Sijivuni, wala sitajifanya kwamba nilikuwa nikipiga kelele kimoyomoyo. Nilikuwa nateka maji. Na Juni 2018, Luc Nkulula, ambaye sauti yake ilijulikana na kila mtu pale mjini, alipofia katika moto ulioteketeza nyumba yake usiku, nilisimama pembeni ya barabara nikatazama umati unavyopita, nikaona ni wa watu wa lugha zote za Kivu. Hakuna aliyewapangia hivyo kwa karatasi ya ukutani.

Sasa nifike kwenye parkingi.

Goma, parkingi ni pale wamotari wanapongojea abiria. Kila parkingi ina prezida, katibu na sanduku. Ilikuwa Desemba 2023, mwezi mbaya. Wiki chache kabla, ofisa wa jeshi la taifa, Mnyamulenge, yaani Mtutsi wa Kongo, alikuwa amepigwa na umati na kuchomwa moto humo humo mjini, mchana, watu wakirekodi. M23 walikuwa milimani, na kila mtu mrefu mwenye pua nyembamba alikuwa anatembea akitazama nyuma.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mama muuza karanga nikingoja mvua ipungue. Simu ya motari mmoja ikalia, ujumbe wa sauti. Akaufungua kwa sauti kubwa, wote tukasikia: kuna nyumba kwenye avenyu ya pili, fundi viatu mmoja anaficha bunduki, ni mtu wao, amkeni. Sauti ilikuwa ya mwanaume, yenye haraka na uhakika. Kufumba na kufumbua pikipiki tatu zilikuwa zimeshawaka.

Prezida wa parkingi, kijana wa miaka 26 hivi, mfupi, mwenye kizibao cha namba, alitembea hadi kwenye pikipiki ya mbele. Hakukimbia. Akachomoa ufunguo, akautia mfukoni. Akamuuliza yule mwenye simu:

"Weye uliona na macho yako?"

"Hapana, nilitumiwa."

"Na nani?"

"Na mtu wa Katindo."

"Mupigie."

Wakampigia, sauti nje. Wa Katindo hakuona. Alitumiwa na shemeji yake wa Sake. Wa Sake akapigiwa. Naye hakuona, aliutoa kwenye kundi lenye watu mia na kitu. Aliyeutuma kwenye kundi hakupokea simu. Wakati huo mvua imeanza tena na kundi letu limekuwa dogo, maana ukisimama mvuani hasira nayo inalowa. Mama wa karanga, bila kuinua kichwa kwenye sinia lake, akasema: "Yule fundi alishona kiatu cha mtoto wangu juzi. Bunduki ataiweka wapi, chumba chenyewe mlango haufungi?"

Mmoja akacheka. Mteja akaja na mwavuli akauliza Ndosho ni shilingi ngapi (alikuwa mgeni wa Kenya, nadhani; sisi tunasema faranga). Prezida akarudisha ufunguo. Ikaisha hivyo. Dakika arobaini kama si chini.

Siku hiyo sikuwa na daftari. Lakini nilimfuata prezida baadaye, nikamuuliza kwa nini walimsikiliza. Nilitarajia aniambie jambo la busara. Akanionyesha sanduku. Ni likelemba, upatu wao: kila mmoja anatia kitu kila jioni, na kwa zamu mmoja anabeba. Pembeni kuna fungu la dharura, na funguo za fungu hilo anazo yeye. Yule aliyekuwa na pikipiki ya mbele, mkewe alikuwa amejifungua kwa upasuaji mwezi uliopita, na hospitali ilikuwa imemzuia mpaka deni lilipwe. Sanduku ndilo lililomtoa. "Sasa anipige kwa sababu ya ufunguo?" prezida akaniuliza.

Nimekaa kwenye warsha nyingi, na nyingi ziliongozwa na watu wazuri. Tulifundishwa mti wa mgogoro: mizizi, shina, matawi. Tulifundishwa kusikiliza kwa makini. Sijawahi kukaa kwenye warsha iliyofundisha sanduku. Yule kijana aliweza kuchomoa ufunguo Desemba kwa sababu Novemba alimlipia mtu hospitali, na aliweza kulipa Novemba kwa sababu kila jioni ya mwaka mzima alikaa na kalamu akiandika nani ametia faranga ngapi. Hiyo ndiyo kazi, na inachosha, haina picha, wala huwezi kuimaliza kwa siku tatu za hotelini.

Wala nisiwachore vijana kama malaika. Siku nyingine, parkingi nyingine, hakuna aliyeuliza. Umati uliomuua yule ofisa ulikuwa wa vijana, wa rika lileile na vizibao vilevile. Tofauti ya parkingi mbili inaweza kuwa mtu mmoja mfupi mwenye sanduku, na hilo linanitia hofu kuliko kunipa matumaini.

Na wapo walioshika bunduki. Binamu yangu aliondoka 2023 kwenda kwa Wazalendo, wanamgambo wanaopigana na M23. Kabla ya hapo alikuwa ameshawahi kutoka porini mara moja, akapelekwa kwenye mpango wa kuwarudisha wapiganaji uraiani, akafundishwa useremala miezi michache, akapewa sanduku la vifaa. Kijijini kwake hakukuwa na mtu wa kununua kiti. Watu walikuwa wamekimbia mara mbili ndani ya mwaka, na ukikimbia hubebi kiti. Akauza msumeno kwanza, halafu randa, nyundo ikabaki ya mwisho. Alituomba mtaji wa chukudu, kile kigari chetu cha mbao cha kusukuma. Goma tuna sanamu ya chukudu, ya rangi ya dhahabu, katikati ya mzunguko wa barabara, kumheshimu mtu anayesukuma mzigo wa kilo mia tano juu ya magurudumu ya mbao. Lakini hakuna aliyemkopesha binamu yangu pesa ya chukudu moja ya kweli. Alipokuwa anapiga simu kutoka huko milimani, usiku, kuomba vocha, nilimuuliza: unapigania nini? Akasema: "Huku nina cheo." Sikuwa na cha kumjibu. Kwangu angekuwa na cheo gani?

Nakumbuka pia furaha. Tangu 2014 tulikuwa na Tamasha la Amani, Februari, kwa kiingilio cha dola moja, na vijana wa kujitolea ndio waliobeba kila kitu, kuanzia viti hadi waya. Wapo waliosema ni upuuzi kucheza muziki wakati watu wanakufa kilomita 30 kutoka pale. Mimi niliwaona watu wa mitaa isiyosalimiana wakikanyagana miguu na kuombana radhi. Natamani tungekuwa na Februari nyingi zaidi.

Februari 2025 hatukuwa nayo. Januari, wakati risasi zikiwa bado zinalia, umeme ulikatika, na maji, hata yale ya kukohoa, yakakatika. Mtandao ukazima. Kila mtu akarudi ziwani. Kwenye avenyu yetu vijana waligawana: wenye nguvu wanateremka pamoja alfajiri, wanarudi na chukudu iliyojaa bido, wanaanza na nyumba za wazee na wenye watoto wachanga. Hawakuuliza lugha ya mlangoni. Nilimuona mmoja wao anapeleka bido kwa mzee ambaye miezi michache kabla nilimsikia mimi mwenyewe akimsema vibaya. Aliliweka chini, akasema "Maji, papa," akaondoka. Na waliozika maiti, siku zile ambazo hakuna mwenye mamlaka yoyote aliyezizika, wengi walikuwa vijana wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu. Nilimjua mmoja. Tangu hapo akila anakula na mkono wa kushoto umefunika pua, na hajui kama anafanya hivyo.

Nilitoka kwa miguu kupitia kivuko cha mpakani cha Petite Barrière hadi Gisenyi, Rwanda, na kutoka huko kwa basi mpaka Kampala.

Baadaye nikaona picha za mikataba. Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa Kongo na Rwanda walitia saini Washington; Julai 19 serikali na M23 wakasaini tamko Doha. Nilizikuza picha kwa vidole viwili, kona kwa kona, natafuta uso wa mtu anayejua bei ya bido. Suti zilikuwa nzuri. Siudharau mkataba, bunduki zikinyamaza hata wiki moja, kuna msichana anayeteremka ziwani na kurudi salama. Lakini azimio 2250 lilikuwa limetimiza miaka tisa na nusu, na katika picha zile sikuuona mlango wetu wa kuingilia.

Wiki iliyopita prezida wa parkingi alinipigia. Benki Goma zilifungwa Januari ile, kwa hiyo amekuwa anavuka mpaka kwenda Gisenyi kutoa pesa za sanduku, faranga kidogo kidogo ndani ya soksi. Wenzake wanne hawapo: wawili wamekwenda Uganda, mmoja hajulikani, mmoja wanamjua alipo lakini hawasemi kwenye simu. Sanduku lipo. Ameweka sheria mpya: ukisambaza ujumbe wa sauti kwenye kundi la parkingi bila kutaja aliyeona ni nani, unalipa faini, na faini inaingia fungu la hospitali. Akasema fungu hilo sasa limenona, akacheka kile kicheko chake kifupi.

Kisha akaniuliza: "Dada, huko kwenu maji yanatoka?"

Nikasema yanatoka. Akanyamaza. Nikaona neno langu halimtoshi, nikainuka, nikaenda jikoni, nikafungua bomba, nikasogeza simu karibu. Tukasikiliza wote wawili, mimi Kampala, yeye Goma.

"Funga," akasema. "Unamwaga."